Dawa Isiyopenda Maji

MAARIFA YA NYUMBANI

Askari atokaye zamu ya usiku akiwa na homa, akapimwa damu zahanatini na kukutwa na malaria, aghalabu hupewa vidonge 24 vya dawa mseto ya artemeta na lumefantrini. Humeza vinne kwa kila kipimo, vipimo sita kwa muda wa siku tatu. Hurudi nyumbani mwili ukimuuma na kinywa kikiwa kichungu, asitamani chakula. Humeza vidonge vyake kwa maji matupu au kwa kikombe cha chai isiyo na maziwa, kisha hulala. Siku ya pili homa hushuka. Siku ya tatu humaliza dawa na kurudi kazini. Baada ya majuma mawili au matatu homa humrudia, naye husema kuwa dawa za siku hizi hazina nguvu, au kwamba alipewa dawa bandia.

Huenda dawa ilikuwa mbovu kweli, na huenda mtu huyo ameumwa na mbu mwingine mwenye vijidudu vipya. Hata hivyo iko sababu nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Dawa yaweza kuwa njema na kumezwa kwa saa zake, lakini sehemu yake kubwa isiingie katika damu. Hupita tumboni kama mgeni apitaye mbele ya mlango uliofungwa, ikatoka mwilini bila kufanya kazi iliyotumwa. Kumeza dawa ni jambo moja, na dawa kufika ni jambo jingine. Yafaa kila nyumba yenye mgonjwa ilielewe jambo hili, kwani dawa ya kulifungua lango hilo aghalabu imo jikoni.

MAJI NA MAFUTA

Mama wa nyumbani ajua msingi wa habari hii pasipo kufundishwa. Chumvi ikitiwa katika maji huyeyuka yote isionekane tena. Manjano yakitiwa katika maji, unga wake huzama chini ya sufuria. Lakini manjano hayo hayo yakikaangwa katika mafuta ya moto, mafuta hushika rangi ya dhahabu, na mchuzi wote hupendeza. Chumvi hupenda maji. Rangi ya manjano hupenda mafuta.

Vitu vingi vya dawa vitokavyo katika mimea vina tabia kama ile ya manjano. Mmea huviunda ili kujikinga na wadudu, ukungu na wanyama walao majani, na wala haukuviunda kwa ajili ya tumbo la binadamu. Mwili wa binadamu nao umejaa maji, kuanzia mate ya kinywani hadi damu. Dawa iliyomezwa haina budi kuyeyuka kwanza katika majimaji ya utumbo ndipo ipate kupenya ukuta wake. Ile isiyoyeyuka hubaki punje punje kama mchanga, ikatoka pamoja na choo.

Mwili lakini una njia yake ya kupokea vitu vipendavyo mafuta. Mtu alapo chakula chenye mafuta, kibofu cha nyongo hujikaza na kumimina nyongo katika utumbo mwembamba. Nyongo hufanya kazi ifanywayo na sabuni katika sahani yenye mafuta: huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno viwezavyo kuelea katika maji. Kongosho nalo hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho huyameng'enya mafuta hayo. Dawa ipendayo mafuta hujificha ndani ya vitone hivyo, ikachukuliwa hadi kwenye ukuta wa utumbo. Nyingine hupita hata katika mishipa ya limfu, ikawahi kuingia katika damu kabla ya kukutana na ini. Pasipo mafuta, nyongo haimiminiki kwa wingi, na dawa hukosa chombo cha kuivusha.

KONZI MOJA YA MAJANI

Historia ya dawa ya malaria yenyewe yaonyesha jinsi tatizo hili lilivyo la kale. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wengi porini, na dawa zilizokuwapo zilikuwa zimeanza kushindwa. Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada kwa China. Tarehe 23 Mei mwaka huo China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, nao ukaitwa Mradi wa 523, kwa kufuata mwezi na tarehe hiyo.

Mwaka 1969 mtaalamu wa madawa, Bibi Tu Youyou wa Beijing, alipewa kazi katika mradi huo. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya tiba za jadi zaidi ya 2,000. Miongoni mwa mimea waliyoijaribu ulikuwapo mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao Artemisia annua. Mara nyingine ulionyesha nguvu, na mara nyingine haukufaa kitu. Bibi Tu alirudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4. Humo alikuta kwamba konzi moja ya majani hayo yapasa kulowekwa katika maji, kisha kukamuliwa na kunywewa. Kuchemsha hakukutajwa. Ndipo alipotambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa.

Basi akatumia etha, kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi na kipendacho vitu vyenye asili ya mafuta. Mwezi wa Oktoba mwaka 1971 dawa aliyoitoa kwa njia hiyo iliangamiza vijidudu vyote vya malaria katika panya wa maabara. Mwaka 1972 kiini chenyewe kilipatikana kikiwa safi, nacho ndicho kiitwacho artemisinini. Mwaka 2015 Bibi Tu alitunukiwa nishani ya Nobel ya tiba.

Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na hata katika mafuta huyeyuka kwa shida. Wakemia wakaigeuza kidogo. Kwa njia moja walipata artemeta, ipendayo mafuta. Kwa njia nyingine wakapata artesuneti, ambayo huweza kutayarishwa kwa sindano ya mshipa na ndiyo itumiwayo hospitalini kwa malaria kali. Katika jambo hili pia yaonekana kwa nini chai ya majani ya artemisia haiwezi kushika mahali pa vidonge. Kiasi cha dawa kilicho katika majani hubadilika toka shamba hadi shamba, na maji ya moto hutoa sehemu ndogo tu. Mgonjwa hupata kipimo pungufu, na vijidudu vilivyosalia hupata nafasi ya kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa kutibu au kuzuia malaria.

KWA NINI DAWA MSETO YATAKA MAFUTA

Kidonge kimoja cha dawa mseto kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Artemeta hufanya kazi kama kikosi cha kwanza: huua vijidudu vingi upesi, homa ikashuka, lakini hutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini, ambayo iliundwa na wakemia wa chuo cha tiba cha jeshi la China mjini Beijing, ni kikosi cha kufagia. Hubaki katika damu kwa siku nyingi, ikiwaandama maadui waliojificha. Waama lumefantrini huyachukia maji kuliko mwenzake.

Katika majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima wenye afya, chakula chenye mafuta mengi kiliongeza artemeta iliyoingia katika damu kwa zaidi ya mara 2, na lumefantrini kwa mara 16, kuliko ilipomezwa na tumbo tupu. Hapo ndipo lilipo fumbo la askari wa mwanzo. Kikosi cha kwanza kilifika kwa kiasi cha kutosha kushusha homa. Kikosi cha pili kilibaki ng'ambo ya mto kwa kukosa mtumbwi. Vijidudu vichache vilivyobaki vikaongezeka kimya kimya, na homa ikarudi.

Hasara yake haiishii kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2020 wataalamu walitoa habari za vijidudu nchini Rwanda vilivyobadilika hata vikawa vinachelewa kufa mbele ya artemisinini, na mwaka 2021 habari kama hizo zilitoka kaskazini mwa Uganda. Vijidudu vikizidi kuizoea artemisinini, lumefantrini huachiwa mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kila kipimo kinachopotea tumboni ni silaha iliyotupwa njiani.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mafuta yatakiwayo ni machache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa gramu 1.2 za mafuta, zilizomo katika mililita 36 za maziwa ya soya, zilitosha kuifikisha lumefantrini karibu na kilele chake katika damu ya watu waliojaribiwa. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa siagi kina mafuta mengi kuliko hayo. Karanga nazo, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Basi si lazima nyumba ichinje kuku. Chai iliyopikwa kwa maziwa mengi, uji uliotiwa karanga za kusaga, mboga zilizoungwa kwa simsim, au yai lililokaangwa, vyote vyafaa. Mtoto anyonyaye anyonyeshwe wakati wa kupewa dawa.

CHEMBE ZA MAFUTA ZA MAABARA

Wataalamu wa madawa walijiuliza: ikiwa mafuta ndiyo mtumbwi, kwa nini mtumbwi huo usitengenezwe kiwandani, dawa ikapakiwa humo kabisa, mgonjwa akaimeza bila kutegemea chakula? Swali hilo ndilo lililozaa chembe za mafuta zipimwazo kwa nanometa. Katika milimita moja mna nanometa 1,000,000, na unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe yenye nanometa 200 ni ndogo kiasi kwamba 400 zapangika katika unene wa unywele mmoja.

Mapema katika miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na Italia walibuni njia za kutengeneza chembe hizo kwa mafuta yaliyo magumu katika joto la kawaida. Katika njia moja, mafuta huyeyushwa kwa moto na dawa hutiwa humo ikayeyuka. Kisha huchanganywa na maji ya moto yenye kitu cha kushikanisha maji na mafuta, kama lesithini, ipatikanayo katika soya na katika kiini cha yai. Mchanganyiko hupitishwa katika mashine yenye msukumo mkubwa, ikayavunja mafuta kuwa vitone visivyoonekana kwa macho. Vikipoa, huganda vikiwa na dawa ndani.

Faida ya udogo huo yahesabika. Tone moja la mafuta lenye upana wa milimita 1, likivunjwa kuwa chembe za nanometa 200, hutoa chembe bilioni 125, na eneo la nje la zote pamoja huwa kubwa mara 5,000 kuliko la tone lile. Nyongo na lipasi hupata mahali pengi pa kushika kazi kwa wakati mmoja.

Lakini kila chombo kina dosari zake. Mafuta ya aina moja yakiganda, molekuli zake hujipanga sawasawa kama askari wa gwaride, bega kwa bega, na dawa iliyokuwa katikati yao hukosa mahali ikasukumwa nje. Kwa hiyo watafiti walianza kuchanganya mafuta magumu na mafuta laini, ili safu zisinyooke sana na mgeni apate nafasi. Tena chembe hizo zaweza kushikamana zikiwekwa muda mrefu au katika joto, na kuzitengeneza kwahitaji mitambo ya gharama.

Chombo kikichaguliwa vibaya, huweza hata kumdhuru abiria. Dawa ya saratani iitwayo paklitakseli ilitoka katika gamba la mti wa Marekani na ilitangazwa na wanakemia mwaka 1971. Kwa kuwa haikuyeyuka katika maji, ilibidi itiwe katika pombe na mafuta ya mbarika yaliyogeuzwa kwa kemia. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1992, lakini mafuta yale yaliwasababishia baadhi ya wagonjwa mizio mikali, hata ikawa lazima wapewe dawa nyingine za kuwakinga kabla ya sindano. Mwaka 2003 China iliidhinisha paklitakseli iliyopakiwa katika vifuko vidogo vya mafuta viitwavyo liposomu, na mwaka 2005 Marekani ikaidhinisha ile iliyofungwa katika chembe za protini.

Wasomaji wengi walisikia habari za chembe za mafuta kuanzia Desemba 2020, zilipobeba chanjo za UVIKO-19. Zile ni ndugu wa hizi, ila ziliundwa kwa namna nyingine na kwa mzigo mwingine. Kwa upande wa malaria, artemeta na lumefantrini zimepakiwa katika chembe za mafuta na kujaribiwa kwa wanyama wa maabara. Lakini dawa itolewayo zahanatini ni kile kidonge cha kawaida, nacho chaendelea kutegemea sahani ya mgonjwa.

MANJANO NA WAUZAJI WA VICHUPA

Kiini cha manjano kiitwacho kurkumini kimechunguzwa sana. Unga wa manjano una kiasi cha asilimia 3 tu za kiini hicho, na kikimezwa kidogo sana huonekana katika damu, kwani hakiyeyuki vizuri, na kile kinachopita ini hukigeuza upesi. Mwaka 1998 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kuwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga. Kiasi kilichoingia katika damu kiliongezeka mara 20, kwa kuwa piperini huizuia ini isikigeuze. Chembe za mafuta nazo zimetumiwa kwa shabaha hiyo hiyo.

Kutokana na habari hizo wametokea wafanya biashara wauzao vichupa na vidonge vya manjano, wakivisifu kuwa hupenya mwilini kuliko vyote na kutibu kila maradhi. Hapana budi msomaji atenganishe mambo mawili. Kitu kufika katika damu ni hatua ya kwanza tu. Kuponya ni jambo la kuthibitishwa kwa wagonjwa wenyewe. Tena kitu kipenyacho zaidi chaweza pia kudhuru zaidi. Mwaka 2019 nchini Italia walitokea watu waliopata maradhi ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na mwaka 2022 waganga wa Marekani walieleza juu ya wagonjwa kama hao, ambao baadhi yao walitumia vidonge vilivyochanganywa na piperini. Manjano ya mchuzi hayana lawama hiyo. Kidonge chenye nguvu nyingi, kinywewacho kila siku bila shauri la mganga, ni jambo jingine.

YAPASAYO KUFANYWA NYUMBANI

Mgonjwa aliyepewa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini ale kitu chenye mafuta kidogo kila amezapo, vipimo vyote sita. Kipimo cha pili humezwa saa 8 baada ya cha kwanza, na vinavyofuata asubuhi na jioni. Akitapika kabla ya saa moja kupita, kipimo kirudiwe, na zahanati iombwe vidonge vya kufidia. Mtu wa zamu achukue karanga mfukoni, au amwombe mwenzake ampatie kikombe cha maziwa. Ikiwa hakuna kitu kabisa, asiicheleweshe dawa kwa kungoja mafuta. Aimeze, kisha ale mara apatapo nafuu. Asiyeweza kumeza, aliyeshikwa na degedege au aliyepotewa na fahamu apelekwe hospitali upesi.

Hali kadhalika jirani asije akamshauri kila mgonjwa kula mafuta. Iko dawa nyingine ya malaria iliyotokana na mmea ule ule, yaani ile ya dihidroatemisinini na piperakwini. Hiyo humezwa kwa maji, mbali na chakula kwa muda wa saa 3, kwani mafuta huiingiza piperakwini kwa wingi mno na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo hufika vyema tumbo likiwa tupu. Kila dawa ina mlango wake.

Kwa sababu hiyo swali la kumwuliza mganga zahanatini lisiishie kwenye idadi ya vidonge na saa za kumeza. Aulizwe pia: dawa hii humezwa na chakula gani, au bila chakula? Jibu lake liandikwe juu ya bahasha ya dawa, nayo iwekwe mahali aonapo yule apikaye, kwani katika siku tatu hizo mpishi naye ni mwuguzi.